Siku Tulipowaswaga Vitwitwi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mguu. Ulikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, mwembamba kuliko penseli, wa rangi ya kijivu inayokaribia nyeusi, na ulikuwa umetolewa asubuhi ile kwenye injini ya eropleni ya mizigo iliyorudi kutua huku ikitoa moshi. Mwanabiolojia Mkuu wa uwanja, mama mrefu mzaliwa wa Texas aliyevaa buti za mpira hata ofisini, aliuweka mezani mbele yangu kabla sijaonyeshwa pa kutundika koti. "Huu ni wa nani?" akaniuliza.

Kabla sijaendelea, tuelewane. Humu nikisema ndege, namaanisha yule mwenye manyoya. Ile ya abiria nitaiita eropleni, kama alivyoiita marehemu mama yangu. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kuwatenganisha hawa wawili, sasa sioni kwa nini niwachanganye kwenye karatasi.

Uwanja ule ulikuwa kaskazini ya Fort Worth, mdogo, wa eropleni za mizigo na za matajiri wachache. Nilikuja Marekani kumfuata mume wangu aliyekuwa masomoni. Nyumbani Singida nilikuwa na stashahada yangu ya wanyamapori, lakini hapa nilikuwa napanga maboksi kwenye ghala kule Mesquite hadi mgongo ukaanza kunisemesha. Binti yangu Rehema ndiye aliyeona tangazo la kazi ya uwanjani. "Mama, just apply," akasema. Nika-apply, nikaitwa, na sasa nilikuwa nimekaa mbele ya mguu.

Niliugeuza mfuko. Vidole vitatu mbele, nyuma hakuna kitu. Ndege wengi wanaochokoa matope kandokando ya maji, kama sululu na jamaa zake, wana kidole kidogo cha nyuma. Vitwitwi walio wengi hawana, kwa sababu wao ni watu wa kukimbia. Nikamwambia ni mguu wa kitwitwi. "Kitwitwi gani?" Nilitaka kazi ile kuliko chochote, na jina lilikuwa karibu kunitoka ili mradi nionekane najua. Nikasema sijui.

"Andika hivyo hivyo, kitwitwi asiyejulikana," akasema. "Ukinidanganya jina hapa, siku moja utaua mtu."

Ndivyo nilivyopokelewa. Hakuna chai, hakuna karibu. Nilikwenda msalani nikanawa mikono, nikajitazama kwenye kioo, nikajiuliza nimejiingiza wapi.

Mwanabiolojia Mkuu alinifundisha kwa ukali. Kila asubuhi tulizunguka mabwawa ya mbuga yaliyouzingira uwanja, yale madimbwi mapana yasiyo na kina yanayojaa mvua ikinyesha na kukauka kiangazi. Yeye alibeba darubini ya miguu mitatu, mimi ya shingoni. Sheria yake ilikuwa moja: tazama miguu, tazama mdomo, tazama mwendo, halafu jina liwe la mwisho. Nikitaja jina kwanza alizima gari na kukaa kimya mpaka nianze upya. Kuna mara nilitamani kushuka nirudi kwenye maboksi yangu.

Nitawapa mfano. Wako ndege wawili wenye miguu mirefu ya manjano, wanafanana kama mtu na mdogo wake. Ukimwona mmoja peke yake huwezi kujua ni mkubwa au mdogo, kwa kuwa huna wa kumlinganisha naye. Basi unapima mdomo kwa kichwa chake mwenyewe. Mdomo ukilingana na urefu wa kichwa, huyo ni mdogo. Ukizidi na kupinda juu kidogo, huyo ni mkubwa. Wapo wengine wanene, wenye mdomo mrefu ulionyooka, wanaokula kwa kuuzamisha topeni juu chini, juu chini, kama mwanamke anayetwanga. Hao hutahitaji hata kuona rangi. Na yupo killdeer, kitwitwi mwenye mikanda miwili myeusi kifuani, mpiga kelele kupita kiasi, anayetaga kwenye kokoto na kujifanya amevunjika bawa ukimkaribia kiota.

Vijana wa sasa mnaielekeza simu kwa ndege, inawapa jina, mnaondoka mmeridhika. Sikatai, ni nyenzo nzuri. Ila uwanjani jina ni nusu ya kazi, kwa sababu kila ndege ana namna yake ya kuogopa. Sisi tulikuwa na bastola ya fataki, inayorusha kitu angani kikapasuka kwa kishindo. Bata akisikia anaondoka moja kwa moja. Killdeer wanatawanyika chinichini, kila mmoja na njia yake. Lakini yuko kitwitwi mmoja tuliyemwita wa dhahabu, kwa sababu ya madoa ya mgongoni, ambaye hupita Texas majira ya kuchipua akitoka kusini kabisa mwa Amerika kwenda kuzaa kwenye nchi za barafu. Huyu anasafiri kwa makundi. Ukimpigia fataki, kundi zima linanyanyuka pamoja, linazunguka, linarudi palepale lilipotoka, linanyanyuka tena. Niliwaona Fort Worth wakikata njia ya eropleni mara tatu kabla ya kukubali kuondoka. Ukikosea jina umekosea dawa, na mgonjwa yuko angani.

Mume wangu alipopata kazi Houston tulihamia Sugar Land, nami nikapata nafasi kwenye uwanja mwingine, magharibi zaidi, mbugani, palipokuwa na mashamba ya mpunga zamani. Pale sikuwa na mwanabiolojia juu yangu. Nilikuwa chini ya Mkuu wa Zamu, mwanajeshi mstaafu, mtu wa haki lakini wa amri. Kwake jambo lilikuwa limeandikwa kwenye mwongozo au halikuwepo. Tuliheshimiana kwa mbali.

Rafiki yangu pale alikuwa Dieudonné, Mrundi, Mkatoliki wa misa ya kila Jumapili, dereva wa trekta la kukata nyasi. Alikulia kambini Kigoma, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu. Tuligombana kila wiki. Nyasi zikiwa ndefu panya wanajificha na mwewe wanafuata. Zikiwa fupi vitwitwi wanashuka. "Mama Rehema, chagua adui yako mmoja nikukatie," alikuwa ananiambia. Nami nikamjibu akate vizuri aache maneno.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa nne. Asubuhi upepo uligeuka ghafla ukaanza kuvuma kutoka kaskazini, baridi ikaingia, mvua ikapiga mpaka mchana. Upepo wa namna hiyo ni ukuta kwa ndege anayesafiri kwenda kaskazini. Anapigana nao mpaka nguvu zinamwishia, halafu anashuka popote. Nilijua tutapata wageni. Mvua ilipokata nikachukua gari kwenda ukaguzi, na Dieudonné akanifuata na trekta lake, akitoa matawi yaliyoangushwa.

Tulipofika upande wa kusini wa njia, pale ambapo matairi hugusa chini, killdeer walikuwa wanapiga kelele kila kona. "Ni wale wale wasumbufu," Dieudonné akasema. Ndilo kosa ambalo mtu wa kazi hii hulifanya kirahisi kuliko mgeni. Ukimsikia unayemjua, macho yanapumzika. Mgeni angetazama kila kitu kwa kuwa hajui kitu.

Nikapandisha darubini. Nyuma ya killdeer, kwenye nyasi na juu ya lami yenyewe, walisimama ndege wengine, kimya kabisa, kila mmoja amejitenga na mwenzake kwa hatua kadhaa, wote wameelekeza vifua kwenye upepo. Rangi yao na rangi ya nyasi mbichi ilikuwa kitu kimoja. Nilipomwona wa kwanza nikaona wa kumi, nilipowaona kumi nikaona uwanja mzima umejaa.

Hapohapo redio ikaita. Mnara wa kuongozea eropleni ulisema kuna eropleni ya hospitali inakuja, imembeba mtoto kutoka huko juu kabisa ya jimbo, kwenye viwanda vya nyama. Mtoto ana shida ya moyo. Viwanja vya mashariki bado vilikuwa na radi, na sisi tulikuwa karibu. Mkuu wa Zamu akaingia kwenye redio: "Njia ikoje?"

"Kuna ndege, wengi, wapo kwenye lami."

"Piga fataki. Una dakika chache."

Bastola ilikuwa kwenye kiti pembeni yangu. "Sipigi," nikasema.

Akarudi kwenye redio: "Hilo ni agizo."

"Nimelisikia. Nikipiga na hawa ni vitwitwi wa dhahabu, nitawainua wote usoni mwa eropleni, na hawatatoka. Watazunguka na kurudi."

"Una uhakika ni hao?"

Hapo ndipo pagumu. Mawingu yalikuwa yameshuka, mwanga hafifu, na msimu ule wengi wao bado wamevaa manyoya yao ya baridi, hawajapata weusi wa tumboni wala dhahabu ya mgongoni. Yupo binamu yao, mkubwa kidogo, anayefanana nao akiwa amesimama, na yule ukimpigia fataki anakwenda zake. Tofauti yao ya uhakika iko chini ya bawa. Binamu ana kwapa jeusi, huyu wa dhahabu ni kijivu kitupu. Na ndege aliyechoka hainui bawa kwa sababu wewe unataka kuona.

"Nipe nusu dakika," nikamwambia.

"Mtoto hana nusu dakika."

Niliegemeza viwiko dirishani nikamwelekezea darubini mmoja tu, wa karibu. Nilimwomba kabisa, kwa Kinyaturu, kwa Kiswahili, sijui kwa lugha gani: inua bawa, mwanangu, inua. Dieudonné alikuwa ameshuka kwenye trekta, amesimama kando ya gari langu. Ndege akahamisha uzito mguu mmoja, akanyoosha bawa la kushoto chini pamoja na mguu, kama wanavyofanya wakijinyoosha. Kijivu. Kwapani hakuna weusi.

"Ni wa dhahabu," nikasema kwenye redio. "Nina uhakika. Mwambieni rubani azunguke, kwa mbali, asipite juu yetu. Tutawatoa kwa miguu."

Nilisikia rubani akijibu mnara. Alikuwa na sauti tulivu ya marubani, lakini alisema mtoto anazidi kuwa vibaya na anahitaji kutua. Mnara ukamwambia asubiri. Neno lile, subiri, mimi ndiye niliyeliweka pale. Lilinichoma.

"Dieudonné, umewahi kuchunga?"

"Mbuzi wa jirani, kambini."

"Basi leo tunaswaga. Usiwatazame usoni, usiiname, usinyooshe kidole. Wakitikisa vichwa, simama. Wakianza kudonoa tena, endelea."

Kitwitwi hupenda kukimbia kuliko kuruka, na aliyechoka hupenda zaidi. Ndilo tumaini pekee tulilokuwa nalo. Tulianzia upande wa magharibi, tumeachana, mikono imefunguka kidogo, tukawasukuma mashariki, ng'ambo ya mfereji, kwenye shamba lililolimwa. Hatua tatu, wanakimbia hatua kumi, wanasimama. Hatua tatu tena. Eropleni tulikuwa tunaisikia, ikija, ikienda, na kila sauti ilipokaribia vichwa vyote vilitikisika na mimi nikaganda na mguu mmoja mbele. Nilitaka kukimbia. Mwili wangu wote ulitaka kukimbia, na kazi ilikuwa kutembea kama mtu anayetoka sokoni.

Gari la Mkuu wa Zamu lilikuja likasimama mbali. Nikadhani amekuja kuichukua bastola garini mwangu aipige mwenyewe. Akashuka, akafunga mlango taratibu kwa viganja viwili, akatuangalia kidogo, halafu akaja kwenye mstari upande wangu wa kulia akafungua mikono kama sisi. Killdeer mmoja akajitupa mbele yake akiburuta bawa na kulia, kumbe alikuwa na kiota kwenye kokoto. Akamzunguka bila kuvunja mstari.

"Rehema," akanong'ona, yeye alinipa jina la binti yangu miaka yote na sikuwahi kumsahihisha, "ikishindikana?"

"Ikishindikana mimi ndiye niliyekataa agizo. Andika hivyo."

"Tembea," akasema.

Kulikuwa na kikundi cha mwisho kilichokataa kuacha lami kwa sababu ilikuwa na joto kuliko nyasi. Walijikunyata, miguu imekunjwa, tayari kuruka. Tukasimama wote watatu. Sijui tulisimama kwa muda gani. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni na upepo ule wa baridi unapiga. Mmoja akanyooka, akadonoa kitu, akakimbia kuelekea mfereji, na wenzake wakamfuata. Nikangoja wa mwisho ashuke ukingo. "Iko wazi," nikasema kwenye redio ya mkononi.

Eropleni ikashuka. Magurudumu yalipogusa lami kule nyuma yetu, kishindo kiliwainua vitwitwi wote kwa mara moja kutoka kwenye shamba lile. Kundi likapanda, likageuka, likapita juu ya mfereji mpaka karibu na ukingo wa njia, likageuka tena, likarudi kushuka. Eropleni ilikuwa imeshapita mbele. Mkuu wa Zamu alilifuata kundi kwa macho mpaka likatua. Dieudonné alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilisema Alhamdulillahi nikakaa chini kwenye nyasi zilizolowa. Gari la wagonjwa lilipita kasi likiwa limewasha taa zote.

Kwenye taarifa yake Mkuu wa Zamu aliandika kwamba kutopiga fataki kulikuwa uamuzi wake mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia nirudi kazini. Hatukuliongea tena hadi alipostaafu.

Nami nimestaafu sasa. Nakaa Sugar Land, wajukuu nawasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, na mvua ikinyesha bado natoka kwenda kutazama dimbwi nyuma ya maduka. Vijana wanaoingia kazi hii huja kuniuliza kuhusu midomo na miguu, nawaeleza kwa raha. Halafu huniuliza, mama, siku ile ulijisikiaje ulipofanikiwa? Hapo huwa nakasirika, kwa sababu wanadhani hadithi iliishia pale kwenye lami.

Siku chache baada ya tukio, Meneja wa Uwanja aliniita. Mama wa mtoto yule alikuwa ndani ya eropleni, alikuwa na swali, na lugha yake ilikuwa Kiswahili. Meneja alisema silazimiki kwenda. Nikaenda.

Nilimkuta hospitali, Mkongo kutoka Bukavu, mdogo kuliko Rehema wangu, amejifunga kitenge juu ya suruali ya kiwandani. Mtoto alikuwa amelala, mirija kila mahali. Mama akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Ni weye," akasema. "Nilikuona kwa dirisha. Tulizunguka, tukazunguka, nikaangalia chini, nikaona batu, watu watatu, banatembea polepole, bamefungua mikono. Nikauliza infirmier, ule muuguzi, bale batu banafanya nini? Akasema banafukuza ndege. Mtoto wangu anakosa pumzi, na weye unatembeza ndege."

Nilimweleza. Nilimweleza kundi, fataki, injini, yote. Nilieleza vizuri, nadhani sijawahi kueleza vizuri hivyo maishani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, mkono wake uko juu ya mguu wa mtoto.

"Nimesikia," akasema. "Na docteur alisema zile dakika hazikubadilisha kitu. Njo vile alisema. Mais, lakini kila nikifunga macho, njo ile naota. Tunazunguka, weye uko chini, hautembei mbio."

Nilikuwa na majibu. Ningeweza kumwambia kwamba kama ningekimbia, asingebaki mtu wa kuota. Jibu hilo lilikuwa mdomoni kabisa, na kwa hasira zangu mnazozijua, nashangaa halikutoka.

"Na mimi naota ndoto hizo hizo, mama," nikamwambia. "Kila siku. Nakusikia juu, nataka kukimbia, na siwezi."

Akasogea pembeni kwenye kiti kirefu cha dirishani alichokalia, akavuta kitenge chake kikaacha nafasi. Nikakaa. Tukamtazama mtoto akipumua.